Dhima Isiyo na Mshtakiwa

Julai 1997, mtoto wa kike wa miaka saba, mkazi wa mji mmoja wa Minnesota, alifikishwa hospitali akiwa na homa kali na maumivu ya kinena. Madaktari wakakuta kiungo cha nyonga kimeshambuliwa na bakteria. Walimpasua kuondoa usaha, wakamwanzishia sefazolini, dawa iliyotegemewa wakati ule kwa ugonjwa wa namna hiyo. Siku ya tatu majibu ya maabara yakaonyesha kwamba bakteria iliyokuwa katika damu yake ni stafilokokasi iliyokwisha kuwa sugu, ile inayojulikana kwa herufi MRSA. Akabadilishiwa dawa, lakini hali yake ilikuwa imeshaharibika, na baada ya wiki tano alifariki. Watoto wengine watatu, mmoja wa Minnesota na wawili wa jimbo jirani la North Dakota, walikufa kwa bakteria hiyo hiyo mnamo 1998 na 1999, na wote wanne walianza kutibiwa kwa dawa za jamii moja, ambazo hazikuweza kitu. Agosti 1999 CDC, kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilichapisha taarifa ya vifo hivyo. Usugu wenyewe haukuwa habari mpya, kwa kuwa MRSA ilijulikana tangu miaka ya 1960. Kilichowashtua waganga ni kwamba bakteria hiyo ilidhaniwa kuwa ya hospitalini, ikiwapata wazee waliolazwa muda mrefu na wagonjwa wenye mipira ya tiba mwilini na majeraha ya upasuaji. Watoto hawa hawakuwa watu wa hospitali. Waliipata katika maisha ya kawaida, kutoka kwa watu wa kawaida.

Nani basi alimuua mtoto yule? Swali la aina hii lilikuwa limeulizwa nusu karne kabla, na aliyeliuliza alikuwa na haki ya kuliuliza kuliko yeyote. Tarehe 11 Desemba 1945, katika hotuba yake ya Nobel mjini Stockholm, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alisimulia kisa alichokitunga mwenyewe. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini na kujitibu, lakini anatumia kiasi kisichotosha kuziua bakteria, kinachotosha tu kuzifunza kustahimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa haifui dafu, anakufa. Fleming akauliza dhima ni ya nani, akajibu kwamba ni ya mume, ambaye uzembe wake ulibadili tabia ya kijidudu. Kisa hiki kinaridhisha akili kwa sababu mkosaji yupo, aliyedhulumiwa yupo, na kati yao pana mnyororo wa pingili chache. Kwa mtoto wa Minnesota, hata hivyo, hakifai. Hakuna aliyeweza kuonyesha pingili ya kwanza. Usugu ule ulijengeka kwa miongo, kupitia mamilioni ya dozi, za lazima na zisizo za lazima, katika hospitali na nyumba za watu wasiojuana, na kila mmoja wao angeweza kuapa kwamba hajamdhuru mtu, akaamini anachokiapia. Nadhani tunapotea pale tunapoanza kwa kutafuta wa kulaumiwa. Lawama haiwezi kusimama bila mnyororo, dhima inaweza. Mtu anaweza asiwe na hatia ya kifo chochote kinachotajika kwa jina, na bado akawa anadaiwa.

Swali hili haliwakalii mbali wasomaji wa Kiswahili wanaoishi pale Mto Rum unapoungana na Mississippi. Kaunti ya Anoka, kaskazini mwa Minneapolis, ilikuwa na wakazi wapatao 364,000 katika sensa ya 2020, na ni sehemu ya eneo la miji pacha ya Minneapolis na St. Paul ambamo Wakenya, Wasomali na Waafrika Mashariki wengine wamejenga maisha yao. Wengi wao wako katika uuguzi na utunzaji wa wazee, kazi inayowaweka karibu kabisa na watu ambao dawa ikishindwa wao ndio hufa kwanza. Huku Marekani antibayotiki ya kumeza haiuzwi bila cheti cha daktari, lakini cheti hakizuii kila kitu. Kuna vidonge vilivyobaki kabatini tangu jino la mwaka jana. Kuna amoksilini iliyokuja katika sanduku la mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Kuna mwenzako wa kazini anayekugawia vidonge vyake vya sipro, yaani siprofloksasini, kwa nia njema kabisa. Na kwetu nyumbani duka la dawa liko hatua chache, muuzaji mnajuana naye, na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, imekuwa jina la kila uchovu na kila maumivu ya mgongo. Kila anayemeza ana hoja moja moyoni: kidonge changu kimoja kitamdhuru nani? Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana haitoki kwa watu wabaya.

Jibu la kwanza liko katika namna dawa inavyofanya kazi. Watu husema mwili umeizoea dawa. Mwili hauzoei, zinazobadilika ni bakteria. Mtu mwenye afya tele hubeba utumboni, kooni na juu ya ngozi matrilioni ya bakteria ambazo nyingi hazina neno naye na baadhi zinamfaa. Antibayotiki ikiingia haiishii kwa ile inayomuuguza. Inapiga na zile zisizohusika, na zinazosalia ni zile zilizokuwa na namna ya kujikinga. Hizo ndizo zinazozaliana katika nafasi iliyoachwa wazi, na zinaweza hata kupeana vinasaba vya usugu na bakteria za aina nyingine. Virusi vya mafua, kwa upande wao, havidhuriki hata kidogo, kwa hiyo anayekunywa amoksilini kwa sababu ya mafua amelipa gharama yote na hakupata faida yoyote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2010 yalionyesha kwamba mtu aliyeandikiwa antibayotiki kwa ugonjwa wa njia ya hewa au wa mkojo huelekea kubeba bakteria sugu kwa dawa ile ile, zaidi katika mwezi wa kwanza, na athari hiyo inaweza kudumu hadi miezi 12. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwafuatilia wasafiri wa Uholanzi wapatao 2,000. Kati ya wale walioondoka bila bakteria fulani sugu za utumboni, kiasi cha theluthi moja walirudi nazo. Waliotumia antibayotiki safarini walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na baadhi waliwapelekea watu wa nyumbani mwao. Kwa hiyo Fleming hakukosea alipomweka mke karibu na mume. Madhara ya kidonge kisichohitajika huanza kwa aliyemeza, kisha kwa wanaolala naye nyumba moja. Ni madogo, lakini si sifuri.

Tuseme hata hivyo kwamba ni madogo kiasi cha kutoonekana. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliichambua hoja hii katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984. Aliwaza watesaji elfu moja, kila mmoja akiongeza maumivu ya kila mfungwa kwa kiasi kidogo ambacho mfungwa mwenyewe hawezi kukihisi. Mwisho wa siku wafungwa wote wako katika mateso makali, na kila mtesaji anasema yeye hakumuumiza mtu. Parfit alikataa hitimisho hilo, na alikuwa na haki ya kulikataa: tendo linaweza kuwa baya kwa sababu ni moja katika mkusanyiko wa matendo ambayo kwa pamoja yanadhuru. Mfano wa Parfit una upungufu mmoja lakini. Watesaji wake wanaweza kuacha, na wakiacha maumivu yanakoma. Usugu si lazima ukome. Minnesota yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Watafiti wa Idara ya Afya ya jimbo hilo, wakiongozwa na Kirk Smith, walifuatilia kampilobakta, bakteria inayoleta kuhara na ambayo watu huipata zaidi kwa kuku. Mwaka 1992, asilimia 1.3 ya kampilobakta zilizopimwa zilikuwa sugu kwa dawa za jamii ya sipro. Kufikia 1998 ilikuwa asilimia 10.2. Sehemu ya ongezeko ilitokana na watu kusafiri ng'ambo, lakini kulikuwa na jambo lingine: mwaka 1995 dawa za jamii hiyo ziliruhusiwa katika ufugaji wa kuku nchini. Watafiti walinunua bidhaa 91 za kuku katika maduka ya miji pacha, wakaikuta kampilobakta katika 80, nyingine zikiwa sugu na zinazofanana kivinasaba na zile za wagonjwa. Mwaka 2005 serikali kuu ilipiga marufuku dawa hiyo kwa kuku. Usugu haukurudi ulikotoka. Katika kuku, baadhi ya kampilobakta sugu zilithibitika kustawi hata pasipo dawa. Usugu hauzigharimu chochote, basi hakuna kinachozisukuma kuuacha.

Hapa ndipo suala linapogusa dini kwa undani zaidi kuliko usafi na nidhamu. Waislamu na Wakristo wanakubaliana kwamba anayetubu kwa kosa la kumdhulumu mtu anatakiwa, akiweza, kurudisha haki aliyoichukua. Nguvu ya antibayotiki ni haki ambayo mara nyingine hairudishiki. Wenye haki hiyo ni pamoja na watoto ambao hawajazaliwa, na hawawezi kuombwa msamaha wala kutoa. Kitu cha namna hiyo, chenye thamani kwa wote, kisichoweza kutengenezwa upya kwa urahisi na kilichowekwa mikononi mwetu kwa muda, waumini wa Pwani ya Afrika Mashariki wangekiita amana bila kusita. Na amana haidai tu kwamba usiiibe. Inadai kwamba usiitumie kwa jambo lisilo lake hata kama mwenyewe hayupo na hatajua. Kwa mtazamo huu swali la nani alimuua mtoto wa 1997 linabaki bila jibu, na halituzuii. Mtu aliyepewa amana hasubiri kuthibitishiwa kwamba fedha aliyoichota ndiyo iliyokosekana siku fulani kwa yatima fulani. Anajua haikuwa yake peke yake.

Katika fiqhi kuna tofauti ambayo inasaidia mno hapa. Fardhi kifaya ni ile ambayo wakiitekeleza wa kutosha, kama kumuosha na kumzika maiti, wengine wamesamehewa. Fardhi aini ni ya kila mtu kwa nafsi yake. Watu wengi huichukulia vita dhidi ya usugu kuwa ya aina ya kwanza: madaktari wapo, serikali ipo, Chuo Kikuu cha Minnesota kina kituo kizima cha CIDRAP kinachofuatilia magonjwa ya kuambukiza, mimi nina nini cha kuongeza? Sehemu ya kazi hii ni kifaya kweli. Kutafuta dawa mpya, kuendesha maabara, kutunga sheria, kukagua mashamba, hayo yanahitaji watu wa kutosha wenye ujuzi, nasi wengine tunasimama nyuma yao. Lakini kujizuia hakuna anayeweza kukufanyia. Hakuna waziri anayeweza kutomeza kwa niaba yako, wala muuguzi hawezi kunawa mikono kwa niaba yako. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, alifika mahali panapofanana kwa njia nyingine: alikubali kwamba kula kulikuwa halali, akaamua kutokula ikiwa kula kwake kutamwangusha aliye dhaifu. Uhalali wa jambo haukutosha kwake kumaliza mjadala. Kidonge kilichobaki kabatini ni changu, nilikilipia, na hakuna polisi atakayeniuliza. Yote hayo ni kweli, na hayajibu swali la aliye dhaifu.

Je, kujizuia kwa watu wengi kunaleta chochote? Ikiwa usugu haurudi nyuma, mwenye shaka atasema, tumechelewa, na amana imeshaliwa. Kampilobakta ni mfano wa kutisha, lakini si kanuni. Ufini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuta kwamba streptokokasi za koo zinazidi kuwa sugu kwa erithromaisini. Madaktari wakashauriwa waipunguze, wananchi wakakubali kutibiwa kwa njia nyingine, na usugu ukashuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi 8.6 mwaka 1996. Mfano wa pili unahusu kinga badala ya kujinyima. Chanjo ya nimonia kwa watoto ilianza kutolewa Marekani mwaka 2000, na kufikia 2004, katika maeneo yaliyofuatiliwa, Minnesota ikiwemo, magonjwa makali ya pneumokokasi zisizosikia penisilini yalikuwa yamepungua kwa asilimia 57. Walionufaika hawakuwa watoto peke yao. Wazee ambao hawakuchanjwa chanjo ile waliugua kwa kiasi cha karibu nusu tu ya awali, kwa sababu wajukuu hawakuwa tena na cha kuwaambukiza. Bakteria isiyompata mtu haihitaji dawa, na dawa isiyotumika haizai usugu. Nalisema hili nikijua kwamba mwaka 2017 Minnesota ilipata wagonjwa 75 wa surua, wengi wao watoto wa jamii ya Kisomali, baada ya wazazi kutishwa kwa uvumi kwamba chanjo huleta usonji. Surua ni virusi, lakini mtoto aliyedhoofishwa nayo hupata nimonia ya bakteria na kuishia kwenye antibayotiki. Wazazi wale walikuwa wanawapenda watoto wao. Waliowaletea uvumi ndio wenye mzigo, na wajibu wa kuuondoa ni wa wale ambao wazazi hao wanawaamini: maimamu, wachungaji, wauguzi wa jamii yao wenyewe.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa watu wenye hisia ya haki. Wanasema kumwambia mama wa Coon Rapids, katika Kaunti ya Anoka, au wa Kibera, Nairobi, ajizuie ni kumtwika mtu mdogo mzigo wa wakubwa. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya antibayotiki zenye umuhimu kwa tiba ya binadamu huuzwa kwa ajili ya mifugo, na Minnesota ndiyo inayoongoza taifa kwa kufuga bata mzinga. Kiasi kisichopungua asilimia 28 ya antibayotiki zinazoandikwa na madaktari kwa wagonjwa wasiolazwa hazihitajiki, kwa makadirio ya CDC. Mama hakuandika cheti hicho. Nakubaliana na nusu ya pingamizi hili, nusu inayodai kwamba wakubwa wawajibishwe. Lakini ukitazama jinsi wakubwa walivyobanwa utakuta watu wa kawaida nyuma yake. Mei 2014 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku triklosani katika sabuni za kuogea na kunawia, sheria ikaanza kutumika Januari 2017. Kemikali hiyo ilitiwa katika sabuni kwa ahadi ya kuua vijidudu, ilikuwa na uwezo wa kuzoesha bakteria usugu, na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wameikuta katika tope la chini ya maziwa na mito ya jimbo, Mississippi ukiwamo. Ilhali tangu 2005 utafiti mkubwa uliofanywa katika mitaa ya Karachi ulikuwa umeonyesha kwamba kunawa kwa sabuni ya kawaida kunapunguza nimonia ya watoto kwa nusu, na sabuni yenye dawa haikuongeza chochote. Serikali kuu ilifuata njia ya Minnesota. Vivyo hivyo tangu 2017 haikubaliki tena Marekani kuwapa mifugo antibayotiki zenye umuhimu kwa binadamu ili wanenepe haraka, na tangu Juni 2023 mfugaji hawezi kuzinunua dukani bila cheti cha mganga wa mifugo. Mabadiliko hayo yalikuja baada ya wanunuzi wa nyama kuuliza maswali kwa miaka mingi.

Na hata pale kwenye chumba cha daktari, mtu mdogo si mdogo kama anavyodhaniwa. Utafiti uliofanywa eneo la Los Angeles na kuchapishwa 1999 uliwauliza madaktari wa watoto walivyofikiri wazazi wanataka. Pale daktari alipodhani mzazi anatarajia antibayotiki, aliiandika katika asilimia 62 ya magonjwa ya virusi; alipodhani hatarajii, asilimia 7. Matarajio halisi ya wazazi hayakuwa na uzito huo. Uzito ulikuwa katika dhana ya daktari. Maana yake ni kwamba mzazi anayesema wazi, "Daktari, kama si lazima sihitaji antibayotiki, nieleze tu nimtazame vipi mtoto na lini nirudi," anaweza kubadili kinachoandikwa. Kwa mgeni katika nchi, ambaye lugha inamkwamisha na ambaye amelelewa kumstahi daktari, sentensi hiyo si nyepesi kuitamka. Inafaa kufundishana.

Wengine watasema mtoto wangu ni amana pia, na amana iliyo mapajani mwangu inatangulia ile ya watoto wasiojulikana. Ni kweli, na hakuna anayeombwa amtoe mtoto wake sadaka. Mwenye nimonia ya bakteria anywe dawa, mapema na kwa kipimo alichopewa. Kinachozuiwa ni dawa isiyomfaa mtoto, na hapo maslahi ya mtoto na ya dunia hayagombani: dawa hiyo itamletea kuhara na vipele, na itamwachia bakteria sugu za kumsubiri siku atakapougua kweli. Kuhusu kumaliza dozi, wanasayansi wenyewe wamekuwa wakijadiliana. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa Uingereza liliandika kwamba kwa maradhi mengi ushahidi wa kurefusha siku za dawa ni dhaifu, na kwamba siku za ziada nazo huzalisha usugu. Hilo haliruhusu mtu kujikatia dozi nyumbani, hasa mwenye kifua kikuu, ambaye kuacha katikati ni hatari iliyothibitika. Linamruhusu kumuuliza daktari kama siku tano zinatosha badala ya kumi. Yupo pia anayesema mponyaji ni Mungu, na haya yote ni kukosa imani. Lakini anayemtegemea Mungu kiasi hicho ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kustahimili siku saba za mafua bila kukimbilia kidonge.

Kuna Hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir, imo katika mkusanyiko wa Bukhari, inayowasimulia watu waliopiga kura kugawana chombo baharini, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini kila wakitaka maji walilazimika kuwapitia wa juu, wakaona heri watoboe sehemu yao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wanazama. Wakishikwa mikono, wote wanaokoka. Hadithi hii hutajwa kuonyesha kwamba wa juu wana wajibu wa kuzuia, na ndivyo ilivyo. Mimi naona pia kwamba wa chini hawakuwa wapumbavu wala waovu. Walikuwa na kiu. Anayewashika mikono wasitoboe amejitwika kuhakikisha kwamba maji yanawafikia. Mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa kuliko kwingine kote katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Huko, wengi wangali wanakufa kwa kukosa antibayotiki kabisa. Utafiti wa Kibera, Nairobi, uliochapishwa 2021 ulikuta kwamba kubeba bakteria sugu kunahusiana sana na mazingira na usafi, mambo ambayo mkazi mmoja hawezi kuyarekebisha kwa kujinyima vidonge. Na ulinganisho wa nchi nyingi uliotolewa 2018 uliona vyoo, maji safi na utawala bora vikieleza tofauti za usugu kuliko kiasi cha dawa kinachotumiwa. Mama anayenunua vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu hana nauli ya kwenda kituo cha afya wala fedha ya kipimo anatoboa chombo kwa kiu. Kumhubiria amana bila kumpa njia nyingine ni kumdai alichonacho mwingine.

Ndiyo maana wajibu wa mtu wa Anoka ni mzito kuliko wa yule mama, ingawa wote wawili wanao. Yeye ana maji ya bomba, ana daktari wa kumwuliza, na dawa zilizobaki anaweza kuzipeleka katika masanduku ya kurudishia yaliyoko kwenye vituo vya polisi na baadhi ya maduka ya dawa ya Minnesota badala ya kumgawia jirani au kuzimwaga chooni. Ana pia kitu anachokituma nyumbani. Jumuiya za makanisa na misikiti ya miji pacha zimezoea kuchangishana kwa mazishi, karo na matibabu. Mchango huo unaweza kulipia kipimo cha maabara kabla ya kulipia dawa, au tangi la maji la zahanati, au gharama za muuguzi kuzunguka kijijini na chanjo. Na anayesafiri Desemba, ndugu akimwomba amletee antibayotiki za Marekani kwa kuwa "zina nguvu", anaweza kumjibu kwamba nguvu hiyo haitokani na nchi zilikotengenezwa, kisha amuulize ana ugonjwa gani na ampe fedha ya kumwona daktari.